Bastola ya shabaha isilale nyumbani

MMILIKI wa silaha tunayemfahamu zaidi katika miji yetu ni mwenye bastola moja. Siku za kazi huivaa kiunoni chini ya koti. Jumamosi huipeleka uwanja wa shabaha, huifyatulia karatasi risasi 50 au 100, huisafisha, huitia mafuta na kuirudisha kiunoni. Bastola ni ileile, kibali ni kilekile, na hakuna anayeona ajabu.

Lakini wapo wanaosema utaratibu huo si sahihi, na kwamba mwenye silaha anapaswa kuwa na bastola mbili: moja ya mazoezi na mashindano, nyingine ya kubeba kila siku kwa ajili ya kujilinda. Hoja hii ni ya kawaida Marekani, ambako duka la silaha linaweza kuwa jirani na duka la viatu. Kwetu ni hoja nzito zaidi, kwa sababu kibali cha pili ni bunduki ya pili mtaani. Jirani akisikia kwamba fulani ameomba bastola nyingine, hataanza kwa kuuliza ni ya michezo au la. Atawaita watoto wake ndani.

Gazeti hili limeitafakari hoja hiyo, na linakubali nusu yake. Silaha ya shabaha na silaha ya kiunoni zitengwe, ila ile ya shabaha isilale nyumbani kwa mwenyewe.

Tuanze na sababu za kuzitenga, maana zipo na ni za kweli. Bastola ni chuma, na chuma huchoka. Spring'i inayorudisha mtambo mbele baada ya kila mlio hulegea kadiri risasi zinavyoongezeka, na mafundi huibadilisha baada ya risasi elfu kadhaa. Mtu anayefanya mazoezi kila wiki hufikia idadi hiyo upesi. Akiwa na bastola moja tu, ile anayoitegemea usiku wa hatari ndiyo iliyochakaa kuliko zote anazozijua. Kuna na suala la bei. Risasi ndogo za kipimo cha .22 ni nafuu kuliko za milimita 9, kwa hiyo anayejifunza kwa bastola ya .22 hufyatua nyingi zaidi kwa fedha ileile.

Halafu silaha zenyewe hazikuundwa kwa kazi moja. Katika mchezo wa bastola wa mita 25 unaosimamiwa na shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, kifyatulio kinaruhusiwa kuwa chepesi hadi uzito wa gramu 1,000. Katika bastola ya hewa ya mita 10 ni gramu 500, kama nusu kilo ya sukari. Bastola ya Glock, ambayo walinzi na raia wengi duniani huvaa, huhitaji takriban kilo mbili na nusu. Tofauti hiyo haikuwekwa kwa bahati. Mlenga shabaha amesimama kimya, ameshusha pumzi, mbele yake kuna karatasi na nyuma ya karatasi kuna tuta la udongo. Aliyevaa bastola kiunoni yuko kwenye matatu au sokoni, na akiichomoa siku ya balaa mkono utakuwa unatetemeka. Kifyatulio chepesi katika mkono unaotetemeka ni msiba unaosubiri siku yake.

Sababu nyingine haizungumzwi sana, nasi tunaiona kuwa kubwa kuliko hizo. Bastola yenye kazi mbili hujazwa na kuondolewa risasi mara kwa mara: asubuhi kabla ya kwenda uwanjani, mchana baada ya mazoezi, jioni garini, usiku chumbani. Kila mara ni nafasi ya kusahau kwamba risasi moja imebaki chemba baada ya magazini kutolewa. Hata risasi yenyewe huharibika. Ileile ikiingizwa na kutolewa mara nyingi, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda, baruti hubanwa, na siku itakapofyatuliwa nguvu yake inaweza kupita kiasi ambacho bastola iliundwa kuhimili. Aliyeiacha bastola yake ya kujilinda ikae ilivyo, akafanyia mazoezi nyingine, amejipunguzia sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Mpaka hapo wenye hoja ya bastola mbili wanashinda. Lakini wanapomaliza kueleza faida za uwanjani hunyamaza kuhusu mambo mawili.

La kwanza ni mazoea ya mkono. Bastola nyingine zina kizuizi cha usalama kinachoshushwa kwa kidole gumba, nyingine hazina. Mtu aliyefyatua risasi 3,000 kwa bastola isiyo na kizuizi, kisha akavaa yenye kizuizi, siku atakayoihitaji atavuta na haitalia. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Aliyezoea kwamba kizuizi kipo atajiamini pasipo na kitu cha kujiamini. Ndiyo maana hata wanaotetea bastola mbili, walio waangalifu, hushauri ziwe za aina moja, au angalau zifanane mtambo. Mchezo wa IDPA ulioanzishwa Marekani mwaka 1996, na ambao una wafuasi wengi Kenya, ulibuniwa kwa fikra hiyohiyo: mshindani achomoe silaha ya kawaida chini ya nguo ya kawaida, asije na bastola ya maonyesho ambayo hawezi kuivaa barabarani.

La pili ndilo linalotugusa sisi tusiovaa bastola, ambao ni wengi. Bastola moja ikiwa kiunoni, nyingine iko wapi? Jibu la kawaida ni nyumbani, katika kasha la chuma kama mwenyewe ni mtu makini, katika droo ya kitanda kama si makini. Mwenye nyumba yuko kazini. Waliobaki ni watoto, msaidizi wa nyumbani, mpwa aliyekuja kutafuta kazi, na yeyote anayejua ufunguo unafichwa wapi. Silaha ya kiunoni, pamoja na ubaya wake wote, angalau ina macho ya mwenyewe juu yake. Ile ya mazoezi haina mlinzi mchana kutwa.

Uingereza ililijadili suala hili baada ya msiba mkubwa. Tarehe 13 Machi 1996, katika mji wa Dunblane huko Scotland, mtu aliyekuwa na bastola zilizosajiliwa kihalali, kwa sababu ya kuwa mlenga shabaha wa klabu, aliingia shule ya msingi na kuwaua watoto 16 na mwalimu wao. Jaji Lord Cullen alipochunguza alipendekeza kwamba bastola zikiwa hazitumiki zitolewe sehemu moja muhimu au zifungwe kwa kizuizi cha kufuli ili zisiweze kufyatua. Wanasiasa walikwenda mbali zaidi yake. Kufikia mwisho wa mwaka 1997 Bunge lilikuwa limepiga marufuku takriban bastola zote mikononi mwa raia, za michezo zikiwamo, na wachezaji wa bastola wa nchi hiyo wakalazimika kwenda kufanya mazoezi nje. Wapenzi wa mchezo huu katika ukanda wetu wanapaswa kuisoma historia hiyo polepole. Nchi ambayo haikubali kufuli dogo mapema huishia kufunga uwanja mzima.

Najua atakayetujibu kwa neno moja: Westgate. Na ni haki alitaje. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo lile la maduka jijini Nairobi na kuua watu 67, miongoni mwa walioingia mwanzo kuwatoa mateka walikuwa raia wenye bastola zao za leseni. Abdul Haji, mfanyabiashara aliyepata ujumbe kutoka kwa ndugu yake aliyekuwa ndani, alikuwa mmoja wao, na picha za siku ile zilizunguka dunia. Hatutaki kupunguza ujasiri wao hata kidogo. Lakini siku ile hakuna aliyerudi nyumbani kuchukua bastola ya mashindano. Kila mmoja aliingia na ile aliyokuwa nayo mwilini. Kama ulikuwa na ujuzi, ulikuwa ujuzi wa mkono wako na bastola hiyo. Westgate kwa hiyo haitetei bastola ya pili kabatini. Inatetea mazoezi, tena kwa silaha ileile unayoibeba.

Kutokana na hayo tunaona njia ambayo nchi zetu zinaweza kuifuata pamoja. Kibali kitaje kazi ya silaha, si jina la mmiliki na namba ya chuma tu. Kikisema "kujilinda", mwenye nacho apimwe kila mwaka kwa bastola hiyohiyo, achomoe, afyatue, aondoe risasi mbele ya mkaguzi. Kikisema "michezo", silaha hiyo ikae katika ghala la klabu, isainiwe inapotoka na inaporudi, na ikitoka kwenda mashindano isafiri bila risasi, katika sanduku la kufuli. Asiye mwanachama hai wa klabu asiwe na sababu ya kuombea bastola ya michezo. Na aliyeshindwa mtihani wa bastola ya kiunoni asiruhusiwe kujificha nyuma ya medali alizopata kwa nyingine.

Sheria zetu kwa sasa zimetawanyika. Kenya inatumia Sheria ya Silaha ambayo mizizi yake ni ya miaka ya 1950, enzi za mkoloni. Ya Uganda ni ya mwaka 1970. Tanzania iliandika upya yake mwaka 2015. Zilitungwa na watu wenye hofu tofauti: mmoja alimhofia mpiganaji wa msituni, mwingine alimhofia jambazi wa barabara kuu. Hata hivyo tayari tuna kitu cha kutuunganisha. Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo na nyepesi, iliyotiwa saini Aprili 2004, inazitaka nchi zilizoiridhia zioanishe sheria zake na zimpime uwezo anayeomba kumiliki silaha. Kituo cha kusimamia itifaki hiyo, RECSA, kina makao yake Nairobi. Hatuhitaji chombo kipya. Tunahitaji kilichopo kishike kalamu.

Tena mafanikio ya kazi hii yataonekana mpakani, ambako gazeti hili limezoea kuitazama jumuiya yetu. Uwanja wa Kirigiti huko Kiambu hupokea walenga shabaha kutoka nje ya Kenya. Mchezaji wa Arusha au Kampala anayetaka kushindana huko lazima avuke na silaha. Afisa wa Namanga au Busia anayefungua sanduku na kukuta bastola hana namna rahisi ya kujua kama mbele yake amesimama mwanamichezo au msafirishaji. Akisema hapana, hatumlaumu. Akisema ndiyo kwa kupewa chochote, tumeumia wote. Cheti cha michezo kinachofanana katika nchi zote wanachama, chenye jina la klabu na namba ya silaha, kingemwezesha afisa huyo kupiga simu moja na kumaliza. Silaha ya kujilinda isiwe na cheti cha aina hiyo. Hiyo iishie mpakani, na mwenyewe avuke mikono mitupu kama sisi wengine.

Tutaambiwa ghala la klabu ni gharama. Ni kweli. Linataka kuta nene, mlango wa chuma, daftari na mtu wa kulilinda usiku, na klabu zetu nyingi si tajiri. Lakini anayeweza kununua bastola mbili anaweza kuchangia kufuli moja. Asiyeweza bado ana njia: bunduki ya hewa kwa mazoezi ya jicho na mkono, na bastola yake moja kwa mazoezi ya mwezi. Hatapata medali ya Olimpiki kwa namna hiyo, ingawa bastola ya hewa yenyewe ni mchezo wa Olimpiki, na mita 10 zinapatikana hata katika ukumbi wa shule.

Tutaambiwa pia kwamba wahalifu hawaombi vibali wala hawaweki silaha zao klabuni. Hilo ni kweli, na ni kazi ya polisi. Hapa tunazungumza na watu waliosimama foleni, wakatoa alama za vidole na kuahidi serikali kwamba silaha yao haitamfikia mwingine. Desemba 2018 serikali ya Kenya iliwaamuru wamiliki wote wenye leseni wakaguliwe upya ndani ya siku 90. Amri ile ilionyesha kwamba serikali inaweza kuwauliza maswali watu hao, hata walio na fedha na majina makubwa. Swali la kuongeza katika fomu ijayo ni fupi: silaha hii ni ya kazi gani, na usiku inalala wapi?