Bidhaa za Kutisha katika Duka la Darasa

Hakuna mwanachuo aliyepita katika vyuo vyetu vya ualimu asiyelijua duka la darasa. Huliandaa kwa makopo matupu ya maziwa, viberiti, karatasi za sabuni na mifuko ya chumvi; hubandika bei; humweka mtoto mmoja nyuma ya dawati awe muuzaji; kisha wenzake huja mmoja mmoja kununua na kurudishiwa chenji. Zana hii ni nzuri, nami mwenyewe nimeifundisha kwa miaka kadhaa. Lakini yeyote aliyeketi nyuma ya darasa na fomu ya tathmini magotini, kama ilivyo kazi yetu wakufunzi, anajua pia kwamba aghalabu duka hilo hufa kabla ya dakika ya kumi na tano. Mnunuzi wa nne husema maneno yale yale ya mnunuzi wa kwanza. Anaomba sabuni, anapewa sabuni. Hakuna anachotaka kujua, kwa maana kila mtoto wa Nyamiaga ameshatumwa dukani mara nyingi kuliko mwalimu wake, naye anajua fika kwamba pakiti ile ni tupu.

Katika makala haya nakusudia kutetea duka la namna nyingine, ambalo baadhi ya wakufunzi wenzangu hawalipendi: duka la hadithi za kutisha. Nakusudia pia kueleza ni bidhaa gani zisiwekwe kamwe katika rafu zake, hasa na sisi tulioko Ngara na Biharamulo. Itanibidi nianze mbali kidogo.

Mwaka 1974 huko Marekani ulichapishwa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Huchezwa mezani na watu wachache. Mmoja wao ni msimulizi; wengine kila mmoja hujitwalia mhusika wake na kusema atakachotenda, na dadu huamua kama amefaulu. Kwa lugha ya vyuo vyetu, ni igizo dhima lililoandikiwa kanuni. Mwaka 1983 Tracy Hickman na mkewe Laura walitoa kisa cha mchezo huo kiitwacho Ravenloft, chenye ngome juu ya jabali na bwana mnyonya damu aitwaye Strahd, ambaye ni jamaa wa karibu wa Dracula wa Bram Stoker wa mwaka 1897. Kisa hicho kilipanuliwa kuwa kitabu kikubwa, Curse of Strahd, mwaka 2016.

Mnyonya damu hakunivutia sana. Kilichonivutia ni duka. Katika kijiji kilichozingirwa na ukungu yumo mwenye duka aitwaye Bildrath, naye huuza vifaa vya safari kwa bei mara kumi ya ile ya kawaida, kwa kuwa hakuna duka jingine wala njia ya kutoka. Kamba aiuzayo ni kamba tu. Lakini mnunuzi akiisikia bei yake ameshaelewa, pasipo hotuba yoyote, ameingia katika nchi ya namna gani. Mwalimu wa Hisabati atambue kwamba hapo amepewa zoezi la kuzidisha kwa kumi ambalo mtoto atalifanya kwa hasira. Na hesabu ifanywayo kwa hasira haisahauliki upesi.

Hata hivyo bei peke yake haitoshi. Bidhaa ya duka la hadithi huwa hai pale inapokuwa na sharti. Jambo hili hatuna haja ya kujifunza kwa Wamarekani, kwa kuwa bibi zetu walilijua kabla yao: katika hadithi za mazimwi mtu hupewa kibuyu akaambiwa asikifungue, au huonyeshwa njia akaambiwa asigeuke nyuma. Ondoa sharti, nacho kibuyu kitakuwa kibuyu cha maji.

Nitoe mfano ninaoujua vizuri. Mwanachuo mmoja wa kike, akiwa katika mazoezi ya kufundisha Darasa la Nne, aliweka mezani koroboi kuukuu lisilo na utambi. Kibandiko chake kilisema: linawaka bila mafuta, bei shilingi 1,500, kila usiku litakapowaka, mwenye kulinunua atasahau jina la mwanafunzi mmoja wa darasa hili. Darasa lilikuwa na watoto 62. Mtoto wa kwanza kufika dukani hakusema «naomba koroboi». Aliuliza: «Nikilisahau jina la rafiki yangu, yeye atanikumbuka?» Muuzaji, mtoto wa miaka kumi, alifikiri kidogo akajibu kwamba atakumbukwa, na kwamba hilo ndilo baya zaidi.

Kuanzia hapo mwalimu hakuwa na haja ya kulisukuma darasa. Waliambiwa wachukulie kwamba mafuta ya koroboi la kawaida ni shilingi 300 kwa usiku. Wakakokotoa wenyewe: wenzao ni 61, basi ni siku 61, mafuta yaliyookolewa ni shilingi 18,300, ukitoa bei ya koroboi zinabaki 16,800. Ndipo msichana mmoja akataka kujua kila jina limeuzwa kwa shilingi ngapi. Wakagawanya, wakapata shilingi 275 na kubaki 25. Darasa zima likakasirika. Kijana mmoja alisimama akasema jina lake peke yake lina thamani kuliko hiyo, na wa nyuma yake akamwuliza anataka kulipandisha hadi ngapi. Niliona kugawanya kwenye baki kukifundishwa katika dakika nane, somo ambalo nimeliona likiua vipindi viwili vizima. Kipindi cha Kiswahili kilichofuata kilitoa insha ambazo sikuzitarajia kwa watoto wa umri ule. Wengi wao waliandika ni jina la nani lingetangulia kusahauliwa, na kwa nini.

Wenzangu wanaopinga husema kwamba mtoto asitishwe shuleni. Nawaelewa, lakini nadhani wanachanganya hofu na madhara. Koroboi lile lilitisha. Halikumdhuru mtu, kwa sababu hofu yake ilikaa ndani ya biashara yenyewe: unapata nini, unatoa nini. Mtoto aliyeogopa aliweza kukataa kununua, nao wengi walikataa.

Madhara nimeyaona kwingine, na sina budi kuyaeleza, kwa kuwa sehemu ya kosa ni yangu.

Baada ya somo la koroboi niliwashauri wanachuo wengine wajaribu. Mmoja wao, kijana mwenye bidii, alitengeneza duka zuri kuliko yote niliyopata kuona. Palikuwa na ufunguo wa mlango usiokuwapo, kioo kilichofunikwa kanga, na ngoma ndogo isikikayo na waliopotea tu. Katika fomu yangu, kwenye mstari wa zana, niliandika «nzuri sana» kabla sijafika mwisho wa meza. Mwisho wa meza palikuwa na fungu la nyuzi za katani zilizopakwa rangi ya manjano, na kibandiko: nywele za bahati, shilingi 10,000.

Dawati la mbele aliketi mtoto mwenye ualbino, amevaa kofia pana. Mnunuzi wa tatu alipoliomba fungu lile, mtoto yule aliishika kofia yake kwa mikono miwili, akaishika hivyo mpaka kengele. Hakuna aliyemcheka wala kumgusa, na sidhani kama mwanachuo alimwona. Mimi nilimwona, nami sikusimama, kwa kuwa tumezoea kwamba mkufunzi haingilii somo la mwanachuo. Mazoea hayo siku ile hayakuwa na maana yoyote.

Ndugu msomaji, huenda unatoka mkoa ambako jambo hili husikika redioni tu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa tangu mwaka 2007, watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu viungo vyao hununuliwa na watu wanaoamini kwamba vitawapa utajiri. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino alichukuliwa nyumbani kwao wilayani Muleba, katika mkoa wetu huu huu wa Kagera, akauawa. Kwa hiyo bidhaa iitwayo nywele za bahati si ya kubuniwa. Ina wanunuzi. Mwanachuo yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo; alilisikia neno hilo mahali, akaliona linafaa.

Kitabu nilichokitaja juu nacho kina jambo la namna hii. Humo yumo bibi kizee anayepita nyumba kwa nyumba akiuza vitumbua, au tuseme vitobosha, vilivyotiwa unga wa mifupa ya watoto. Kwa wachezaji wa Marekani bibi huyo ni sehemu ya starehe. Hapa kwetu ana makosa mawili kwa pamoja. La kwanza ni mifupa. La pili ni ubibi wake. Katika kanda hii vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, nayo macho hayo wameyapata kwa miaka mingi ya kupikia kuni katika jiko lisilo na dirisha. Ukimweka bibi mwenye macho mekundu nyuma ya meza ya duka la kutisha, mtoto atarudi nyumbani akiwa na jirani wa kumdhania.

Neno mumiani laweza kutufunza hapa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba mumiani ni kitu cheusi mfano wa gundi kilichotumiwa kuwa dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu mengine. Ilikuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Lakini watu waliamini kwamba ni damu ya wafu, na baadaye jina la dawa likawa jina la mtu: mumiani akawa yule anyonyaye watu damu usiku ili aiuze. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya uvumi huo wakati wa ukoloni, anaonyesha jinsi watu wa kazi halali, wakiwamo askari wa zimamoto, walivyoogopwa kwa ajili yake. Bidhaa moja ya dukani ilitosha kuzaa hofu ya vizazi, nayo hofu hiyo ilikuwa na anwani: iliangukia watu halisi.

Basi kanuni yangu ni hii, nami naishika kwa ukali kuliko wanavyopenda wanachuo wangu. Bidhaa ya kutisha iwe kitu kilichotengenezwa kwa mikono, chenye sharti linalomrudia mnunuzi mwenyewe. Isiwe kiungo, nywele, damu wala mfupa wa mtu, hata kwa mzaha, hata ikiwa ni uzi wa katani. Wala isielekeze kidole kwa aina ya mtu anayepatikana kijijini. Fisi naye nimemwondoa, kwa kuwa watoto wetu husikia kwamba fisi ana mwenyewe.

Yapo mengine ambayo kanuni haiyafiki, na hapo mwalimu hutegemea kupajua mahali anapofundisha. Mwanachuo mmoja kutoka pwani alitaka kuuza chupa ya maji ya mto Kagera, yenye sharti kwamba anayeyanywa atasikia sauti. Bidhaa nzuri kwa kuiandika. Nilimwomba aiache. Mwaka 1994 mto ule ulibeba maiti kutoka Rwanda hadi Ziwa Viktoria, na mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Wazee wa wanafunzi wetu walikuwapo. Mtoto angeipeleka chupa ile nyumbani kwa maneno, na babu yake angeisikia kwa namna nyingine kabisa. Mwanachuo alibadili, akaweka chupa ya ukungu wa mlimani: ukiifungua, hakuna atakayekuona mpaka umseme mtu vizuri asipokuwapo. Watoto waliinunua sana, kwa shilingi 700.

Kuhusu maandalizi sina mengi. Bidhaa tano zatosha kwa kipindi kimoja. Zikizidi, sharti la kila moja halifikiriwi. Masharti yaandikwe na watoto wenyewe kuanzia wiki ya pili, mwalimu akiyasoma yote kabla ya somo, hata kama ni kwa taa usiku. Fedha ziwe za kadibodi, zenye thamani za sarafu na noti zinazotumika sasa. Muuzaji abadilishwe kila baada ya wanunuzi wanne, na asiwe daima yule mtoto mwepesi wa kusema.

Yule mtoto wa kofia nilikwenda kumwona siku ya pili pamoja na mwalimu wake wa darasa. Sikupata maneno ya maana ya kumwambia. Nilimwuliza kama angependa kuwa muuzaji duka litakaporudi, akasema la. Angependa kuandika bei.

Jambo la mwisho ni la kufunga duka. Zitengwe dakika tano kabla ya kengele. Kila mtoto aliyenunua kitu akirudishe mezani na kukitaja kwa jina lake la kweli, kwa sauti ya kusikika: hili ni koroboi bovu la nyumbani kwa mwalimu, hiki ni kioo kilichopasuka, hii ni chupa ya soda. Mwanachuo asiyeacha nafasi ya dakika hizo katika andalio lake la somo nalirudisha andalio hilo bila kulitia sahihi.