Mtandao wa vitunguu umeongeza kasi, lakini wanaoubeba ni wachache

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja wa ukurasa huu, mfanyabiashara wa mahindi na maharage, alinipigia simu akiwa na malalamiko. Kijana wake aliyemaliza chuo alikuwa amemwekea kwenye kompyuta ya dukani programu inayoitwa Tor, akamwambia kwamba akiitumia hakuna atakayejua anafungua kurasa gani. Mzee akajaribu kutazama bei za mazao. Akasubiri, akasubiri tena.

"Huu mtandao una nini?" akaniuliza. "Nikifungua kwa njia ya kawaida ni mara moja. Huku nasubiri kama niko foleni ya mizani."

Nilimjibu kwa kifupi siku ile kwa sababu salio lake lilikuwa linaisha. Lakini swali lake linastahili jibu refu, maana ni swali la biashara kuliko yeye mwenyewe alivyodhani.

Tor ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayotaja kitunguu. Wakulima wa Mang'ola wasifurahi mapema, hakuna gunia litakalouzwa. Jina limetokana na maganda. Ujumbe unaotoka kwenye kompyuta yako hufungwa kwa tabaka tatu za maandishi ya siri, kisha hupitishwa kwenye vituo vitatu, yaani kompyuta tatu za watu tofauti, mara nyingi katika nchi tofauti. Kila kituo humenya ganda moja na kupokeza kwa mwenzake.

Kituo cha kwanza kinajua ujumbe umetoka kwako, lakini hakijui unakwenda wapi. Cha mwisho kinajua unakwenda wapi, lakini hakijui umetoka kwa nani. Cha katikati hakijui hili wala lile. Siri yote imekaa hapo.

Wazo hili lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani. Wataalamu wale waliona jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa gulio angeliona. Kama mtandao wa siri unatumiwa na wanajeshi peke yao, basi kila anayeonekana akitoka humo ni mwanajeshi, na siri imekwisha. Ilibidi ufunguliwe kwa kila mtu ili watu wafichane katika wingi wao.

Mtandao ulianza kazi Oktoba 2002. Hadi mwisho wa 2003 ulikuwa na vituo vinavyokaribia dazeni moja tu, karibu vyote vikiwa Marekani. Mwaka 2006 likaanzishwa shirika lisilo la faida, Tor Project, kuusimamia. Leo inakadiriwa kwamba watu kama milioni mbili au zaidi huutumia kila siku. Nasema inakadiriwa kwa sababu mtandao uliojengwa ili watu wasijulikane hauwezi pia kuwahesabu mmoja mmoja.

Sasa tazama jinsi biashara hii isivyofanana na nyingine. Dukani mteja akiongezeka, faida inaongezeka na unaajiri kijana wa pili. Huku mteja halipi kitu. Akiingia anawasaidia wenzake kwa kuwaongezea kivuli cha kujificha, lakini papo hapo anawapunguzia nafasi barabarani. Ukimfukuza, siri ya waliobaki inapungua. Ukimkaribisha, foleni inarefuka. Vituo vyenyewe vinalipiwa na watu wa kujitolea, kutoka mifukoni mwao au kwa michango: umeme, kompyuta na ada ya intaneti ya kila mwezi.

Tukirudi kwenye foleni ya mzee, sehemu ya kwanza ya kusubiri kwake haina dawa. Ukurasa anaoutaka unaweza kuwa kwenye kompyuta iliyoko Dar es Salaam hapa hapa, lakini ombi lake limekwenda labda Ujerumani, likapita Ufaransa, likaenda Marekani, ndipo likarudi Dar. Umbali ni umbali.

Sehemu ya pili ni msongamano, na hii inatibika. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2008 walipima kinachopita kwenye kituo cha Tor. Watu waliokuwa wakifungua kurasa za kawaida walikuwa asilimia 92 ya miunganisho yote. Waliokuwa wakipakua mafaili makubwa kwa njia ya BitTorrent walikuwa asilimia 3 na kidogo. Lakini hao asilimia 3 walikuwa wanakula kama asilimia 40 ya mzigo wote.

Wakulima wa mifereji wanaijua hesabu hii bila kusomea. Mtu mmoja wa juu akifungulia maji kwenye shamba lake usiku kucha, wa chini wote wanaamkia matope. Tofauti ni kwamba kwenye mfereji mnamjua na mnamwita kwenye kikao. Kwenye Tor huwezi kumwita kwa sababu hujui ni nani, na ukiunda namna ya kumjua umeubomoa mtandao wenyewe.

Mwaka 2009 wasimamizi wa Tor walifanya jambo ambalo ningependa kuliona kwa kampuni nyingi zinazotuuzia huduma. Walitoa taarifa ndefu, hadharani, yenye kichwa kilichokiri kwamba mtandao wao uko polepole, na kueleza kwa nini. Walitaja uchache wa vituo, watu wachache wenye mzigo mkubwa, na makosa yao wenyewe ya kugawa mzigo, ambapo kituo chenye nguvu kilikuwa kikikaa bila kazi wakati dhaifu kinazidiwa.

Baadaye vikawekwa vipimo vya kukagua uwezo halisi wa kila kituo, badala ya kuamini mwenye kituo anavyojinadi. Mwaka 2022 ikaja namna mpya ya kuzuia msongamano, na 2023 namna ya kugawa mzigo wa mtu mmoja kwenye njia mbili. Aliyeutumia mtandao huu mwaka 2009 akiurudia leo atadhani amebadilishiwa.

Kati ya hapo palikuwa na mwezi mmoja uliokaribia kuuzamisha. Katikati ya Agosti 2013 watumiaji kwa siku hawakufika milioni moja. Wiki chache baadaye walikuwa zaidi ya milioni tano. Wapo waliodhani ni watu wameshtuka baada ya Edward Snowden kufichua upelelezi wa Marekani. Haikuwa hivyo. Yalikuwa majeshi ya kompyuta zilizoambukizwa virusi, zikiamriwa na wahalifu kupitia Tor bila wenyewe kujua. Vituo vikalemewa. Kilichookoa jahazi ni kwamba virusi vile vilitumia toleo la zamani la programu, na toleo jipya lilikuwa limeundwa kupewa nafasi ya mbele. Waliosasisha wakapita.

Nafika kwenye hoja yangu. Kila anayeandika habari za mtandao huu hushangilia kasi. Mimi naangalia mikono. Ilipofika 2015 vituo vilikuwa vimepita 6,000. Kwa miaka mingi iliyofuata idadi ilizunguka kati ya 6,000 na 8,000, huku mzigo unaopita ukiongezeka mara nyingi. Maana yake ongezeko la kasi halikuletwa na watu wengi zaidi kujitolea. Limeletwa na mashine kubwa zaidi za watu wale wale, zilizopangwa kwa wingi katika nchi chache, Ujerumani ikiwa mbele pamoja na Marekani, Ufaransa na Uholanzi.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida hilo ni jambo jema, maana mashine kubwa hupunguza gharama kwa kila mzigo. Kwa mtandao ambao bidhaa yake ni kutoaminiana, ni hatari. Ulinzi wa Tor umejengwa juu ya dhana kwamba vituo vitatu ni vya watu watatu wasiojuana. Vituo vingi vikiwa vya mtu mmoja, maganda yote ya kitunguu yako mkononi mwake.

Hili si la kufikirika. Mwaka 2007 Dan Egerstad wa Sweden aliweka vituo vitano vya kutokea, akakaa kusoma kilichopita bila kufungwa kwa siri hadi mwisho wa safari. Akanasa nywila za barua pepe za balozi mbalimbali. Mei 2020 kundi moja lisilojulikana lilikuwa limejipatia zaidi ya asilimia 23 ya uwezo wote wa vituo vya kutokea. Hawa walikuja kwa ajili ya fedha. Waliondoa ulinzi wa kurasa zinazohusu Bitcoin na kubadilisha anwani za malipo, mtu akidhani anamlipa mwenzake kumbe analipa wezi.

Wenye pupa husema dawa ni kuwalipa wenye vituo, mtandao utakua kwa kasi. Sikubaliani nao. Ukianza kulipa kwa kipimo cha mzigo, wa kwanza kufika ni mwenye mtaji wa kuweka mashine mia kwa siku moja, na huyo ndiye tunayemwogopa. Yule mwenye kompyuta moja atajiona mjinga kwa kufanya bure kazi inayolipwa, naye ataondoka.

Tusisahau pia kwamba kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za shirika la Tor imetoka serikali ya Marekani. Fedha hizo zimelipa watengenezaji wa programu, na programu yenyewe iko wazi kwa yeyote kuikagua, kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaopiga kelele juu ya hilo. Lakini wenye vituo nao wakianza kumtazama mfadhili mmoja, siku akikunja mkono itakuwa kilio.

Ninaloliamini ni ushirika. Najua neno hilo limechoka masikioni mwa wakulima wetu, na wana sababu. Lakini tazama anayeendesha kituo cha kutokea peke yake anavyoishi. Kila uchafu unaofanywa na mtu asiyemjua unaonekana umetoka kwake. Aprili 2017 Dmitry Bogatov, mwalimu wa hisabati wa Moscow aliyekuwa na kituo nyumbani, alikamatwa kwa ujumbe wa uchochezi uliopita kwenye anwani yake. Mashitaka yalikuja kufutwa mwaka 2018. Ni wangapi watakaojitolea kwa bei hiyo?

Wajerumani wana chama kinachoitwa Zwiebelfreunde, yaani marafiki wa vitunguu. Wafaransa wana Nos oignons, vitunguu vyetu. Wanachama huchanga, chama kinakodi mashine, na polisi wakigonga wanakuta ofisi, wanasheria na katiba badala ya mtu aliyevaa pajama. Zwiebelfreunde walipekuliwa Juni 2018 kuhusiana na fedha za michango walizokuwa wakipokea kwa niaba ya wengine. Walikwenda mahakamani, na mahakama ikasema upekuzi ule haukuwa halali. Mtu mmoja angefunga kituo siku ile ile. Chama kikaendelea.

Vyama vya namna hiyo vikiwa hamsini katika nchi hamsini, kasi itapanda polepole kuliko ya mashine kubwa tatu, lakini atakayetaka kununua kitunguu kizima itambidi azunguke sana. Afrika ina vituo vichache mno. Bei ya intaneti na umeme wa mgawo vinachangia, na pia hakuna aliyekaa chini kuliandaa jambo hilo kisheria. Vyuo vikuu vyetu vyenye intaneti ya uhakika ndivyo ningevitazama kwanza.

Narudi kwa mzee wa mahindi. Bei za mazao hazina siri yoyote. Azifungue kwa njia ya kawaida. Benki pia aiache nje ya Tor, kwa sababu benki nyingi zikiona unaingia kutoka Ujerumani asubuhi na Marekani mchana zitakufungia akaunti, na zitakuwa na haki. Lakini siku akikuta wakala anauza mbegu feki kwa mifuko yenye nembo ya kampuni, na akataka kumwandikia mwandishi wa habari bila wakala huyo kumjua, siku hiyo dakika moja ya kusubiri si gharama. Ahakikishe tu anwani ya ukurasa inaanza na https, na programu aipakue kwa Tor Project wenyewe, si kwenye flashi ya rafiki.

Kabla ya yote aulize sheria. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zake kabla ya tarehe 30 mwezi ule. Tor si VPN. VPN ina mwenye nayo mmoja anayekujua, Tor haina. Lakini sitamshauri mtu mwenye leseni ya biashara ajibu maswali kwa kusema alidhani.

Nilimpigia tena juzi. Kijana ameshasasisha programu, na mzee anasema sasa inafunguka kabla hajamaliza kumhesabia mteja chenji. Akaniuliza kama na yeye anaweza kuweka kituo pale dukani. Nikamwambia cha katikati, ambacho hakigusi kurasa za watu moja kwa moja, kinaweza kufikirika, baada ya kuuliza wanaojua sheria. Cha kutokea, peke yake, hapana.