NDEGE WA SHAMBANI: Kunguru Hujulikana kwa Sauti

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, kunguru wote ni weusi. Mkulima aamkaye na kusikia kelele juu ya shamba lake la mahindi haoni kizibao cheupe wala shingo ya kijivu; aonacho ni kivuli kipitacho. Hapo ndipo wengi hukosea, wakamtegea sumu ndege asiye na hatia, na yule mwenye kosa akaendelea kufukua. Macho hayana budi kungoja mwanga, lakini masikio yaweza kuanza kazi mapema.

Kunguru wa kawaida, yule mwenye weupe kifuani unaozunguka mpaka kisogoni, yuko pwani na bara, mjini na shambani. Sauti yake ni nzito, kavu, ya kukwaruza: "karr, karr, karr", kana kwamba mtu anakokota gogo juu ya mawe. Huiba mayai, ni kweli, lakini hula pia mizoga na wadudu wengi.

Katika nyanda za juu, mathalani Nakuru na Nanyuki, yupo mwenzake aliye mweusi mwili mzima, mwenye mdomo mrefu mwembamba. Huyu ndiye wa kusikilizwa kwa makini wakati wa kupanda. Sauti yake ni ya juu zaidi, "kraa" ya kuvutwa, na pengine, akiwa ametulia mtini, hufurisha manyoya ya koo akatoa mlio wa kububujika kama maji yamiminwayo kutoka kibuyuni. Aliyeusikia mlio huo mara moja hausahau. Mdomo wake humfaa kwa kuchimba: hufukua mabuu ardhini, jambo la faida kwa mkulima, lakini hufukua mbegu za mahindi vile vile. Dawa yake ni kufukia mbegu vizuri na kuweka mlinzi siku zile chache mpaka miche ishike mizizi. Mbegu iliyotiwa sumu haichagui. Kanga, njiwa na kuku wa jirani hufa pia, na shauri huishia kwa chifu.

Kwenye magenge, kama yale ya Hell's Gate karibu na Naivasha, huruka kunguru mkubwa mwenye mdomo mnene na baka jeupe kisogoni peke yake. Kifua chake ni cheusi. Kwa umbo lake mtu angetazamia ngurumo, kumbe sauti yake ina pumzi nyingi, kama ya mtu aliyepwewa kwa mafua. Mahindi si shughuli yake kubwa.

Waswahili husema kunguru hafugiki, lakini yuko mmoja ambaye hakai mbali na watu, ijapokuwa hakuna amfugaye. Huyo ni kunguru wa Bara Hindi, mdogo kuliko wale wengine, shingo yake ya kijivu, bila weupe wowote. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, na mwaka 1947 alionekana Mombasa. Takataka alikula, akala na vifaranga, na viota vya ndege wadogo wa pwani akavimaliza. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza kusudi la kuangamiza kunguru milioni moja wa aina hii, na wakati huo alikuwa amekwisha kuonekana Makindu, katika njia ya Nairobi.

Mlio wake ni "kwaa, kwaa", mwembamba, wa puani, usio na mkwaruzo wa yule wa kawaida, tena hurudiwa upesi na wengi kwa pamoja. Lakini yafaa kuangalia jambo moja: makinda wa kunguru wowote hulia kwa sauti nyembamba ya kuomba chakula, na wamekwisha kuwadanganya watu wengi. Basi asikilizwe ndege mzima, si aliye kiotani.

Karani wa Machakos au mkulima wa Kitui ausikiaye mlio huo karibu na soko au jalala, akaona na shingo ya kijivu, apeleke habari mara moja kwa ofisi ya KWS iliyo karibu, kabla ndege hajajenga. Kiota chake huwa juu ya mti mkubwa, na mara nyingi ndani ya vijiti mna vipande vya waya.