Wimbo Nao Una Mwenyewe

Mkulima wa Lukozi, katika wilaya ya Lushoto, hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Gunia la viazi hujazwa hata mdomoni, kisha huvikwa kilemba cha viazi vingine juu yake, likafungwa kwa kamba. Na mzigo huo wote hununuliwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza, Wakala wa Vipimo hukamata, lakini ada hiyo haijafa, kwa kuwa mwenye lori ajua bei ya Kariakoo, na mwenye shamba haijui. Mwenzake wa Muheza, ng'ambo ya bonde la Lwengera, ana taabu yake mwenyewe: machungwa yake aghalabu hununuliwa yangali mtini, shamba zima kwa fungu moja la fedha, na faida ya yatakayoiva humwendea mwingine.

Tumeanza kwa viazi na machungwa kwa sababu leo twataka kunena habari za zao jingine la milima ya Usambara, ambalo halipimwi kwa mizani wala halipakiwi katika lori. Zao hilo ni wimbo. Vijana wa Soni, Mlalo na Bumbuli hushuka hadi Mombo, wakapanda basi la Dar es Salaam, na mali waliyo nayo ni mashairi yaliyomo vichwani mwao na katika simu zao. Wengi wao wafuata muziki wa kufokafoka, ambao wenyewe huuita hip-hop. Wazee husema kwamba wamekwenda kucheza. Sisi twasema wamekwenda kutafuta kazi. Na penye kazi yapasa kuulizwa maswali ya kazi: nani ameifanya, nani amelipwa, na daftari la hesabu limo mikononi mwa nani?

Mfano tulio nao si wa mbali. Muheza hiyo hiyo, iliyo chini ya Usambara ya Mashariki, ndiko atokako Hamis Mwinjuma, ambaye wapenzi wa muziki walimjua kwa jina la MwanaFA, yaani Mwanafalsafa, miaka mingi kabla wapiga kura hawajamwita Mheshimiwa. Wala si ajabu nchi hiyo kuzaa mtu wa maneno. Msalabani, Magila, karibu na mji wa Muheza, ndipo mtambo wa misheni ulipochapa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi juu ya watawala wa Usambara, tangu miaka ya 1890. Kalamu ilikwisha kukaa huko kabla ya kipaza sauti.

Ili kuufahamu mwendo wa Mwinjuma, hatuna budi kukumbuka hali ya biashara aliyoikuta. Kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, mwanamuziki wa bara alikuwa na mlango mmoja tu mkubwa, nao ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Radio One ilipoanza mwaka 1994, na nyingine zikafuata, vijana waliokuwa wakifoka kwa Kiingereza cha Marekani walianza kufoka kwa Kiswahili, na nchi nzima ikawasikia. Joseph Mbilinyi wa Mbeya, aliyejiita Mr. II, alikuwa miongoni mwa waliofungua njia. Zikainuka studio, kama MJ Records ya Joachim Kimaryo na Bongo Records ya Paul Matthysse. Sauti ikapatikana, jina likapatikana, fedha haikuonekana.

Sababu yake ni hii. Msanii alipomaliza kurekodi, aliichukua kanda yake akaenda kwa msambazaji wa mjini. Msambazaji alitoa fungu la fedha, akaichukua kanda, akadurufu kadiri alivyotaka. Nakala ngapi zimeuzwa, alijua yeye peke yake. Huko ndiko kuuza machungwa mtini. Baada yake akaja mwizi wa kanda, ambaye hakutoa hata hilo fungu moja. Kijana aliyejulikana toka Tanga hadi Kigoma alipanda daladala pamoja na waliokuwa wakiuimba wimbo wake, na pengine nauli yake ilikuwa ya kuazima.

Mwinjuma aliingia katika soko hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuridhika kuwa fundi wa vina tu. Alishirikiana kwa muda mrefu na Ambwene Yessaya, ajulikanaye kama AY, na mwaka 2008 wakatoa pamoja kazi iliyoitwa Habari Ndiyo Hiyo. Ushirika wa watu wawili ni jambo dogo, lakini katika biashara ambamo kila msanii huingia ofisi ya tajiri peke yake, wawili ni wengi kuliko mmoja mara zaidi ya mbili. Mmoja akitishwa, mwenzake hukumbuka kilichoandikwa katika mkataba.

Faida ya ushirika huo ilidhihirika pale soko lilipohama kutoka katika kanda kwenda katika simu. Kampuni za simu ziligundua kwamba mtu yu tayari kukatwa fedha kidogo kila mwezi ili anayempigia asikie wimbo badala ya mlio. Kidogo hicho, kikizidishwa kwa maelfu ya wateja, ni mali kubwa. Mwinjuma na Yessaya walizikuta nyimbo zao mbili, Usije Mjini na Dakika Moja, katika biashara hiyo, nao wakasema hawakutoa ruhusa. Wangaliweza kulalamika redioni, kama ilivyokuwa desturi. Wangaliweza kutunga wimbo wa kulalamikia wimbo. Wao walikwenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliwapa haki, ikaamuru kampuni hiyo iwalipe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni haikukubali, na shauri likapanda mahakama za juu. Safari yake huko twawaachia wanasheria. Kwa mfanyakazi jambo la kushika ni moja: mahakama ya wilaya, si ya miungu, iliweza kuutazama wimbo kama inavyoutazama ng'ombe au kiwanja, ikauliza ni mali ya nani.

Wala mahakama haikujitungia neno hilo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, yasema kwamba kazi ya sanaa hulindwa tangu inapobuniwa, na ulinzi huo iliuweka kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hebu pima, ndugu msomaji. Kabichi ya Lushoto isipofika sokoni kwa siku chache huoza. Wimbo wa kijana wa Lushoto waweza kuwalisha wajukuu wake. Katika mazao yote yashukayo kutoka mlimani, hakuna lidumulo kama hili. Nalo ndilo liuzwalo kwa bei ya kutupa, kwa sababu muuzaji hajui kwamba anauza urithi.

Lakini sheria ni mbegu tu, yataka kupaliliwa. Januari 2022, Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, iligawa mirabaha ya shilingi zipatazo milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,100. Twasifu kwamba zilitolewa hadharani na kwa hesabu. Ila zigawanye mwenyewe: ni chini ya shilingi laki 3 kwa mtu mmoja, kwa kazi zilizochangamsha redio, televisheni, mabaa na mahoteli ya taifa zima. Mwenye baa hulipia bia aiuzayo, hulipia umeme, hulipia hata chumvi ya nyama choma. Muziki uliowaleta wateja huona kwamba ni upepo. Kulipa mirabaha si kumfadhili msanii. Ni kulipa deni.

Wako watakaotujibu kwamba wimbo ni mali ya wote, kwa kuwa wazee wetu walicheza ngoma wasidai senti. Ni kweli, lakini katika ngoma ya zamani hapakuwa na mtu langoni akikusanya viingilio. Aliyepiga alikula karamu ileile na aliyecheza. Leo mmoja apiga, mwingine akusanya, na yule wa kwanza aambiwa asiwe na tamaa. Huo si ujamaa wa ngoma, ni lumbesa.

Wengine husema muziki huu ni uhuni, na kijana wa Kisambaa afadhali ashike jembe. Hatukatai kwamba ndani yake yamo matusi na majivuno. Lakini ardhi ya Lushoto imegawanywa kati ya ndugu na ndugu hata viambaza vimekaribiana na miteremko imechoka. Kumwambia kila kijana ashike jembe ni kumwambia ashike jembe katika shamba ambalo halipo. Ikiwa ana ulimi wenye kazi, basi afundishwe kuuza kazi ya ulimi wake kama afundishwavyo kuuza karoti: kwa kipimo, kwa risiti na kwa maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Liko pia onyo kwa wanaofanikiwa. Mnyonge wa jana apatapo studio yake, magari yake na kituo chake cha utangazaji, huenda akawaandikia wadogo zake mikataba mizito kuliko ile aliyoilalamikia. Tumewasikia wasanii waliotoka katika lebo kubwa za nchi hii wakisema hadharani kwamba iliwapasa kulipa mamia ya mamilioni ili wawe huru. Mwenye mtaji astahili kurudishiwa mtaji wake pamoja na faida. Hastahili kuishika sauti ya mtu kama rehani isiyokombolewa. Wasambaa, wakimpima mtawala wao, walikuwa na maneno mawili: yuko aiponyaye nchi, kuzifya shi, na yuko aiharibuye, kubana shi. Nguvu ni ileile. Matunda ndiyo yaliyowatofautisha. Tajiri wa muziki naye apimwe kwa kipimo hicho. Tusimhesabie magari. Tuhesabu vijana wangapi wameingia kwake mikono mitupu wakatoka na kitu.

Mambo haya yamekwisha kuingia katika siasa. Mbilinyi aliingia Bungeni kwa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Joseph Haule, yaani Profesa Jay, kwa Mikumi mwaka 2015, wote kwa tiketi ya upinzani. Mwinjuma alichaguliwa Muheza mwaka 2020 kwa tiketi ya CCM, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Wafokaji watatu, majimbo matatu, bendera tofauti. Hapana shaka dai la msanii ni dai la kazi, si la chama kimoja, na chama chochote kitakacholipuuza kitaliacha kwa wenzake. Nasi twamkumbusha yule aliyetoka mahakamani kama mdai kwamba cheo ni dhamana: wale 1,100 hawana umaarufu wake wala wakili wake, na kila mmoja hawezi kungoja miaka kadhaa ili ajue kama wimbo wake ni wake.

Basi nini kifanyike huku mlimani? Kwanza, Afisa Utamaduni wa kila halmashauri awe na daftari la wasanii wake, awasaidie kusajili kazi zao COSOTA na awasomee mkataba kabla hawajatia sahihi, si baada. Pili, vijana wa Lushoto, Bumbuli na Muheza wajiunge katika vikundi, kwa maana kikundi chaweza kuomba mkopo wa halmashauri au wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na chaweza kukodi studio moja ya pamoja badala ya kila mmoja kujipeleka kwa tajiri peke yake. Tatu, wenye redio, mabasi na mabaa walipe, na wasiolipa wajulikane kwa majina. Nne, nalo latuhusu sisi wasomaji, tuache kujisifu kwamba tumeupata wimbo wa bure. Wa bure kwetu, mwenyewe amekwisha kuulipia.

Mfanyakazi wa shamba la chai la Usambara akipunjwa kilo moja katika mizani huinua sauti, na chama chake cha wafanyakazi humsikiliza. Mwimbaji apunjwapo huambiwa atunge mwingine. Siku atakaposikilizwa kama yule mchuma chai, ndipo tutakaposema kwamba sheria ya mwaka 1999 imefika Lushoto.