Homa ya Mapafu Haingoji Siku ya Mshahara



Mama anayepepeta mahindi kwa kibarua katika ghala la Busia akikosa siku moja, hukosa na posho ya siku hiyo. Basi mtoto akianza kukohoa na kupumua mbio, hununua dawa ya maji dukani, humwacha mtoto kwa jirani, naye hurudi kazini. Sisi hatumlaumu. Twailaumu kazi isiyompa mtu nafasi ya kumpeleka mwanawe kwa daktari.

Homa ya mapafu, ambayo wengi wetu twaiita nimonia, hujaza mapafu maji na usaha, na mtoto mchanga aweza kufa kwa siku chache. Dawa ya kikohozi haiiponyi. Wala si kila kifua hutaka dawa ya kuua bakteria, maana kingine huletwa na virusi. Lakini kupambanua ni kazi ya mganga, si ya mwenye duka.

Kazi yetu wazazi ni kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, shika saa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi 2 akifika 60, wa miezi 2 hadi mwaka akifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya, usikae kuhesabu. Ita boda boda, nayo ilizaliwa papa hapa mpakani.

Chanjo ipo tangu 2011, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Haizuii kila nimonia, lakini asikose mtoto. Na jiko la makaa litolewe nje ya chumba. Moshi wa malori ya Malaba watosha.

Sasa sheria. Sheria ya Kazi ya 2007 yatoa miezi 3 kwa mama aliyejifungua, wiki 2 kwa baba, na siku za kuugua kwa mfanyakazi mwenyewe. Mtoto mgonjwa haikumtaja, kana kwamba baada ya miezi 3 atakuwa mzima kwa amri ya tajiri!

Katika mapatano yajayo twataka kifungu cha siku za kuuguza mtoto, kwa mshahara kamili. Kwa vibarua, mnyapara awawekee nafasi zao mpaka warudi. Wajumbe wa Busia na Malaba walete maoni ya wenzao katika mkutano ujao, pamoja na idadi ya siku tutakazodai.