Msamaha wa kodi haujawahi kupanda alizeti

Kijana wa Kinyangiri, wilayani Mkalama mkoani Singida, akiuliza ajira iko wapi, anaambiwa asubiri mwekezaji. Na mwekezaji, anaambiwa, haji bila vivutio: apewe ardhi, mashine zake ziingie bila ushuru, apumzishwe kodi ya mapato kwa miaka kadhaa. Imani hii imekaa vichwani mwetu kiasi kwamba anayeihoji huitwa mpinga maendeleo. Mimi naihoji. Sehemu kubwa ya misamaha tunayoitoa kwa jina la ajira inakwenda kwa watu ambao wangekuja hata bila kusamehewa. Na wakati tunamsubiri mgeni, tunawayumbisha wale ambao mtaji wao umeshazama kwenye udongo wa Mkalama.

Hoja kubwa ya watetezi wa vivutio ni kwamba tusipotoa sisi, majirani watatoa, na viwanda vitavuka mpaka. Basi tuwasikilize wawekezaji wenyewe. Katika tafiti zilizochapishwa na Benki ya Dunia, waliulizwa kama wangewekeza hata pasipo vivutio. Mwaka 2011, asilimia 91 ya waliohojiwa Tanzania walijibu ndiyo. Uganda walikuwa asilimia 93, Rwanda 98. Kwa maneno mengine, katika kila kumi tunaowasamehe, tisa walikuwa njiani tayari. Kodi tunayowasamehe hao ni barabara ya vumbi ambayo ingewekwa lami, ni mbegu, ni afisa ugani ambaye hayupo kijijini.

Tazama Singida yenyewe. Mwaka 2018 Rais Magufuli alizindua kiwanda cha mafuta cha Mount Meru Millers mjini Singida. Kwa nini Singida, na si Dar es Salaam kwenye bandari? Kwa sababu alizeti iko Singida. Iko Iramba, iko Ikungi, iko Mkalama. Aliyekileta kiwanda ni mkulima aliyelima kwanza. Na viwanda vya alizeti vya ukanda huu vinapolalamika, kilio chao kikubwa ni kukosa mbegu za kukamua mwaka mzima. Mtambo usio na alizeti hauajiri mtu, hata ungesamehewa kodi zote.

Sasa tuje kwenye jeraha lenyewe. Mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya kula yaliyosafishwa yatokayo nje hadi asilimia 35. Juni 2021 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Singida kuhimiza alizeti, na Singida, Dodoma na Simiyu ikatajwa kuwa mikoa ya mkakati. Nchi ilikuwa ikitumia takribani shilingi bilioni 470 kwa mwaka kununua mafuta nje, na wakulima wakaambiwa hilo ndilo soko lao. Wakaitika. Waliongeza ekari, waliuza mbuzi wakanunua mbegu, walikopa. Kisha, bei ya mafuta ilipopaa duniani mwaka 2022, ushuru ukashushwa. Mafuta ya nje yakaingia kwa wingi, na mavuno ya 2023 yakakuta bei ya gunia imeanguka. Kelele zikafika bungeni, ushuru ukapandishwa tena. Lakini mkulima aliyeuza kwa hasara hakurudishiwa chochote, na wengi wakageukia mazao mengine.

Nakubali kwamba mama wa Manzese naye anahitaji mafuta ya bei nafuu, na mwaka ule bei ilikuwa inauma kweli. Ila angeweza kusaidiwa bila kumvunja mgongo yule yule aliyeitwa kuokoa nchi mwaka mmoja tu kabla.

Kuna kasoro moja ya kalenda ambayo sijui kwa nini haizungumzwi. Alizeti ya Kinyangiri hupandwa mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Januari. Bajeti husomwa Juni, na ushuru mpya huanza Julai Mosi, gunia likiwa tayari ndani ya nyumba. Tena Tanzania ikitaka kiwango tofauti na kile cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, huomba ruhusa ya mwaka mmoja mmoja. Maana yake mkulima anatupa mbegu ardhini bila kujua serikali itaamua nini miezi sita baadaye. Kampuni iliyo kwenye ukanda maalumu wa uuzaji nje imekuwa ikiahidiwa miaka kumi bila kodi ya mapato ya kampuni. Mkulima haahidiwi hata msimu mmoja.

Ubaguzi huo uko hata kwenye mafuta. Mwaka 2022 msamaha wa VAT ulitolewa kwa mafuta yaliyosafishwa mara mbili kutokana na mbegu za hapa nchini. Nia njema, lakini mwenye mashine ya kukamua ya kijijini hasafishi mara mbili. Anakamua, anachuja, anajaza madumu, anauza mashudu kwa wafugaji. Msamaha huo haukuandikwa kwa ajili yake. Na ushuru wa mazao wa asilimia 3, ambao kisheria hulipwa na mnunuzi, hukatwa kimyakimya kwenye bei anayopewa mkulima. Na hesabu ya ajira iko kwa watu hao, shambani na kwenye mashine za kijijini: wapaliliaji, wapuraji, wabebaji, madereva, vijana wa mashine. Hakuna mtambo wa mjini utakaoajiri watu wengi hivyo.

Kinyangiri ina historia ya kuahidiwa na kuachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilijenga reli kutoka Manyoni, ikapita Singida, ikaishia hapa. Mizigo ilikuwa haba, na katika miaka ya 1940 njia ikafungwa, reli zikang'olewa. Muongo huo huo Uingereza ilianza mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliokuja kufutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Wakati mpango huo ukipewa mamilioni, wakulima wa hapa hawakupewa hata muda wa kuizoea njia yao ya kusafirishia mazao. Reli ilipojengwa upya baada ya uhuru, iliishia Singida mjini.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Kiwango cha ushuru wa mafuta ya nje kitangazwe kabla ya Novemba, na kifungwe kwa misimu isiyopungua mitatu. Serikali ikilazimika kukishusha kwa dharura, mkulima alipwe fidia ya tofauti ya bei. Na kila kampuni iliyosamehewa kodi mkoani Singida, jina lake, kiasi ilichosamehewa na idadi ya watu iliowaajiri vibandikwe kila mwaka kwenye ubao wa matangazo wa kata, kama inavyobandikwa michango yetu ya ujenzi wa shule.