Aibu ya Chombo na Aibu ya Mwenye Chombo



Wasomaji wetu watukufu, wiki iliyopita alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu, mwenye watoto wanne, akiwa na mashaka moyoni. Yeye na mumewe walidunduliza kwa miaka mitatu, wakaongezea na zamu yake ya chama, wakanunua gari dogo lililotumika kutoka Japani. Gari lenyewe ni zuri: rangi inang'ara na viti ni safi. Siku walipolipeleka kwa fundi wa umeme kwa ajili ya honi tu, fundi akafungua dashibodi akakuta taa ndogo ya onyo la mfuko wa hewa imezibwa kwa kipande cha utepe mweusi. Taa ilikuwa ikiwaka, na kuna mtu hakutaka ionekane.

Mama akatuuliza: "Jamani, hili gari ndilo bovu, au mbovu ni aliyeliziba?"

Swali hilo limetukaa akilini, nasi tumeona tulijibu kwa mapana katika safu yetu ya leo, kwa kuwa linazihusu nyumba nyingi.

Neno letu "aibu" lina asili ya Kiarabu, na huko asili yake ni kasoro ya kitu. Wanazuoni wa fiqhi, wanapoeleza masharti ya kuuza na kununua, hutaja hiari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kukirudisha kitu pindi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya mauzo naye hakuambiwa. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, hata hivyo, aibu imekuwa ni fedheha ya mtu. Maana hizi mbili zimelala katika neno moja, na mara nyingi tunazichanganya: tunadhani kwamba kukiri kasoro ya chombo ni kujifedhehesha, basi tunaifunika. Kisa cha pikapu moja mpya ya Marekani kitatusaidia kuzitenganisha.

Mwezi wa Novemba 2019, kampuni ya Tesla ilionyesha pikapu ya umeme yenye umbo la ajabu, kuta zake za chuma kisichoshika kutu, ikaitwa Cybertruck. Watu waliambiwa kwamba ya bei nafuu ingeanzia dola 39,900, na ile ya juu kabisa ingekwenda maili 500, kiasi cha kilomita 800, kwa chaji moja. Wanunuzi wa kwanza walikabidhiwa magari yao tarehe 30 Novemba 2023. Kufikia hapo bei ya chini iliyotangazwa ilikuwa dola 60,990, na mwendo mrefu kabisa uliotajwa bila betri ya ziada ulikuwa maili 340. Hayo peke yake yaliwapa wengi sababu ya kunung'unika. Lakini bei kupanda ni hasara ya mfuko. Yaliyofuata yaligusa roho za watu.

Mwishoni mwa Machi 2024, mwenye gari mmoja alitoa taarifa kwamba pedali ya mwendo, ile ambayo sisi huiita ya mafuta hata gari likiwa la umeme, ilinasa. Siku chache baadaye akatokea wa pili. Pedali hiyo ilikuwa imevikwa kifuniko cha chuma. Kifuniko kilipokanyagwa kwa nguvu kiliweza kuteleza kwenda juu na kukwama kwenye ukingo wa ndani wa gari, na pedali ikabaki imekandamizwa. Na afikiri kila mmoja wetu: gari zito linakimbia, dereva ameinua mguu, nalo bado linaongeza kasi. Lililowaokoa watu ni kwamba breki ya gari hilo ikikanyagwa huikata nguvu ya mwendo.

Chanzo chake kilikuwa kitu ambacho kila mama anakijua: sabuni. Kiwandani, ili kifuniko kiingie kwa urahisi mahali pake, ilianza kutumika sabuni ya kulainisha. Mabadiliko hayo hayakuwa yameidhinishwa. Masalio ya sabuni yakabaki chini ya kifuniko, kikakosa kushika barabara. Magari 3,878 yaliitwa yarudi mwezi wa Aprili 2024, nayo kampuni ikasema haikuwa na habari ya ajali wala majeruhi kutokana na kasoro hiyo.

Huo haukuwa mwito wa mwisho. Juni 2024 yaliitwa magari 11,688 kwa sababu mota ya waipa ya kioo cha mbele iliweza kuacha kufanya kazi. Oktoba ya mwaka huo yakawa 27,185, kwa kuwa picha ya kamera ya nyuma ilichelewa kutokea dereva anaporudi nyuma. Hayo yalitengenezwa kwa kubadilishwa programu tu, bila gari kwenda gereji. Novemba yaliitwa 2,431 yaliyoweza kupoteza nguvu ya mwendo njiani. Machi 2025 ukaja mwito mkubwa zaidi, wa magari 46,096: ubapa wa chuma wa pembeni mwa paa ulikuwa umebandikwa kwa gundi, na gundi hiyo iliweza kukauka na kukatika kwa athari za mazingira, ubapa ukabanduka na kuanguka barabarani mbele ya wengine. Safari hii hatari haikuwa ya mwenye gari peke yake. Ilikuwa pia ya mama anayemfuata nyuma na watoto wake.

Wengi waliposikia orodha hii walicheka. Wakasema: gari la fedha zote hizo, limegandishwa kwa gundi! Nasi hatutawatetea waundaji. Mtu anayeuza chombo kwa bei kama ile hana udhuru wa sabuni wala wa gundi, na wenye magari walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini tukiishia kwenye kicheko tutapitwa na funzo. Tujiulize: sisi tulioko huku, mbali kabisa na viwanda vile, tumeyajuaje haya yote, hata idadi ya magari?

Tumeyajua kwa sababu sheria ya Marekani haimwachii muundaji hiari ya kunyamaza. Tangu mwaka 1966 nchi hiyo ina sheria ya usalama wa magari, na tangu 1970 ina mamlaka maalumu ya kuisimamia, inayojulikana kwa herufi NHTSA. Mwenye gari yeyote anaweza kupeleka lalamiko lake huko, bila wakili na bila malipo. Malalamiko ya aina moja yakirundikana, mamlaka huchunguza. Muundaji naye, akishathibitisha kwamba chombo chake kina kasoro ya usalama, ana siku tano za kazi za kuiarifu mamlaka. Kisha ni juu yake kuwaandikia wenye magari na kuwatengenezea bure. Basi wingi wa miito hauna maana moja. Waweza kuonyesha kwamba chombo kiliundwa kwa pupa, na papo hapo ukaonyesha kwamba kasoro hazikuachwa gizani. Gari lisilotangaziwa kasoro hata moja si lazima liwe ndilo zima.

Ukimya una gharama yake. Mwaka 2004, katika jimbo la California, dada wawili vijana walifariki dunia katika gari la kukodi. Gari hilo lilikuwa limekwisha kuitwa na muundaji wake kwa kasoro iliyoweza kusababisha moto, lakini halikuwa limetengenezwa, nao walikabidhiwa ufunguo bila ya kuambiwa neno. Mama yao hakunyamaza. Alisimama mbele ya wakuu mwaka baada ya mwaka, hata ikapatikana sheria mwaka 2015, iliyoanza kutumika 2016, inayoyakataza makampuni makubwa ya kukodisha kulitoa gari lenye mwito ambao haujatekelezwa. Zaidi ya miaka kumi mama yule alibeba msiba wake akiwadai watu jambo dogo sana: waseme walijualo.

Sasa turejee Mombasa. Magari mengi tunayonunua hayatoki kiwandani. Yanashuka bandarini Kilindini yakiwa yametumika Japani, yenye umri usiozidi miaka minane kwa kanuni za nchi yetu. Muundaji anapoita gari lirudi, barua yake humfuata mwenye gari aliyeandikishwa kule. Mwenye kulinunua baadaye Likoni, Malindi au Lamu hamfahamu, wala hana anwani yake. Mwito umekwisha kutolewa, lakini sikio lililokusudiwa halikuusikia.

Na upo mwito mmoja unaotugusa sisi watu wa pwani zaidi ya wengine, nao unarudi kwenye taa ile ya mama yetu. Mifuko ya hewa iliyoundwa na kampuni ya Takata ya Japani iliwekwa katika magari ya makampuni mengi makubwa, Toyota, Honda na Nissan yakiwamo. Baruti ya kuujaza mfuko ilitegemea kemikali inayoharibika kwa miaka ya joto na unyevu. Ikishaharibika, ajali hata ndogo huweza kulipasua kasha la chuma lililoibeba, na vipande vikamrukia aliyeketi mbele. Mamilioni kwa mamilioni ya mifuko hiyo yameitwa kote duniani, watu wamepoteza maisha, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Ni nani asiyelijua joto letu la Februari na Machi, na unyevu unaoozesha hata kitabu kabatini? Kwa hiyo taa ya mfuko wa hewa haifai kuzibwa hata siku moja, na gari lenye umri mkubwa lichunguzwe hata kama taa hiyo imezimika.

Tufanyeje basi? Kwanza, tuchukue logibuku tunakili nambari ya chesisi, herufi kwa herufi. Makampuni ya Japani yana kurasa katika intaneti ambamo nambari hiyo huingizwa na majibu yakatoka iwapo gari lina mwito. Kijana yeyote nyumbani ataweza kutusaidia, na programu ya simu itatafsiri Kijapani. Mwito ukipatikana, twende kwa mwakilishi wa muundaji hapa nchini tukiwa na nambari hiyo mkononi, tuulize kwa upole na tuandike jibu tulilopewa.

Pili, kabla ya kulipa, tuwashe ufunguo bila ya kuinguruma injini na kuitazama dashibodi. Taa za onyo zote, ya mfuko wa hewa ikiwamo, zinapaswa kuwaka kwa muda mfupi kisha kuzimika. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka sawa na ile isiyozimika. Wanawake wasiambiwe kwamba haya ni mambo ya wanaume. Mama ndiye anayewabeba watoto kwenda madrasa.

Tatu, kasoro ikionekana tusinyamaze kwa kuona haya. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kuelezwa, haki ya kulindwa usalama wake, na fidia anapodhurika. Tumwandikie muuzaji kwa tarehe, tuhifadhi risiti na picha. Wale wawili wa mwanzo walioieleza pedali ya pikapu ile hawakuwa wakorofi. Nyuma yao walikuwapo maelfu ambao huenda wangefikwa na baya zaidi.

Na nne, ambalo ni zito kuliko yote: siku tutakapouza sisi, tuseme. Tunakumbuka kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akauingiza mkono wake katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu ndani. Mwenye mali akaeleza kwamba ni mvua iliyokinyeshea. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakuiweka sehemu iliyolowa juu, watu wapate kuiona.

Hapo ndipo tunapompa mama yetu jibu lake. Taa iliyowaka ilikuwa aibu ya chombo, na aibu ya chombo hutengenezwa. Utepe mweusi ulikuwa aibu ya mtu. Tulimshauri yeye na mumewe warudi kwa muuzaji, waende na fundi kama shahidi pamoja na picha ya ile taa, na hadi mfuko utakapokaguliwa na kutengenezwa, gari lisitumike kuwapeleka watoto. Ametuambia kwamba kwa sasa wanapanda tuktuk, na kwamba mdogo wao analia kila asubuhi akiliona gari limelala uani. Tumemwambia avumilie kilio hicho, kwani ni chepesi kuliko kingine.

Mwenyezi Mungu azihifadhi safari zetu na zenu. Wabillahi tawfiq.